Tanbihi ya Tisa

Maktaba ya Chuo,
Kakamega.
14 Januari 1998

Mwalimu Hezekiah Makhanu,
Likuyani.

Mwalimu,

Salamu kutoka Kakamega. Hunijui. Mimi ni mkutubi msaidizi katika chuo hiki cha theolojia ulichofundisha miaka ishirini na moja. Naambiwa kiti ninachokalia ndicho ulichokuwa ukiwekea kofia yako, na kwamba hakuna mtu aliyethubutu kukikalia.

Nakuandikia kwa sababu chuo kinataka kulifufua jarida la *Mashahidi*. Mkuu wa chuo ameniagiza niandike historia yake, kurasa kumi tu, zitoke mbele kabisa ya toleo jipya mwezi wa Agosti. Nimeyasoma matoleo yote kumi na sita yaliyopo hapa. Nimependa yalivyo, hata yale ambayo wino umefifia. Lakini kuna mambo ambayo karatasi hazisemi. Nani alilianza? Kwa nini mliandika Kiswahili na si Kiingereza kama majarida mengine ya dini? Na kwa nini kila makala ina tanbihi ndefu chini ya ukurasa, majina na vijiji tupu?

Swali la mwisho ndilo zito. Kamati imekwisha kuniandikia jinsi ya kumaliza. Nanakili: "Jarida lilisimama mwaka 1993 baada ya mwandishi Phineas Shivachi, mwanafunzi wa mwaka wa nne, kulifichua jina la mjane aliyemsimulia siri zake, na mjane huyo akauawa." Mwalimu, hayo yakishachapishwa, huyo bwana hatawekewa mikono ya uchungaji maisha yake yote, wala hakuna shule itakayompa hata kipindi kimoja cha dini. Naye yuko hai. Wewe ulikuwa mhariri. Nakuuliza: ndivyo ilivyokuwa?

Wako mtiifu,
Zipporah Osiako


Likuyani,
2 Februari 1998

Binti yangu Zipporah,

Barua yako imenikuta nikihangaika na fuko shambani. Mvua hii ya mwaka huu haijui msimu. Mahindi ya jirani yangu yameota mizizi yakiwa bado kwenye mabua. Sisi hatujambo. Mke wangu, Mama Christine, anakusalimu.

Kwanza nikusahihishe, maana ualimu haumtoki mtu kwa kustaafu. Matoleo ni kumi na saba. La mwisho ni la Desemba 1992. Kama halipo kwenye rafu, basi mtu alilitoa. Pia umeandika "theolojia" vizuri lakini herufi zako za mwanzo ni ndogo mno, macho yangu ni ya zamani.

Tulianza watu watatu mwaka 1984: mimi, marehemu Mwalimu Isaiah wa historia ya kanisa, na mke wangu, ambaye alichapa stensili zote juu ya meza yetu ya chakula. Mashine ya kurudufu tuliazima shule ya jirani. Ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, na ukifika nakala ya mia mbili bega linakataa kabisa. Migongo ya vitabu tulishona kwa uzi wa magunia. Tulichagua Kiswahili ili mtu akisimulia jambo lake Malinya au Mumias aweze kusomewa na akasema, naam, ndivyo nilivyosema.

Kuhusu majina, nitakueleza kitu. Nilipokuwa mwanafunzi nilisoma vitabu vya wageni kuhusu dini za kwetu. Vyote vilisema "mzee mmoja alieleza", "mwanamke mmoja wa kabila hilo alidai". Siku moja, katika kimojawapo, nikamtambua babu yangu mzazi. Maneno yalikuwa yake, hadi ile tabia yake ya kuanza kila habari na mbuzi wake mweusi. Jina halikuwamo. Aliyeandika alipata shahada, babu alipewa pakiti ya sukari. Nikaapa kwamba nikipata jarida langu, hakuna mtu wetu atakayeitwa "mmoja".

Ndipo tukaweka kanuni. Kila aliyesimulia atajwe katika tanbihi: jina, umri, kijiji, tarehe aliyohojiwa. Na toleo likitoka, nakala mbili zipelekwe, moja kwake na moja kwa kanisa au msikiti wake, isomwe kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Mama mmoja wa Mumias, binti wa sheikh, alituandikia, "Asalaam aleikum, tumeliona jina la marehemu baba, tumelitia kwenye fremu ukutani." Barua hiyo nilitembea nayo mfukoni mwaka mzima.

Kuhusu lile la mwisho, yalikuwa mambo ya kusikitisha. Kijana alikuwa na kipaji, nilimfundisha Kigiriki mwenyewe, lakini mambo yalimzidi. Nakushauri usilichimbe sana. Sentensi ya kamati ni kali. Unaweza kuilainisha kwa kuondoa jina lake na kusema tu "uzembe wa mwandishi chipukizi". Hiyo itatosha, na itakuwa ni kumhurumia.

Mungu akubariki katika kazi.

Mwalimu wako,
Hezekiah Makhanu


Kakamega,
16 Februari 1998

Mwalimu,

Nimepokea barua yako na nimekuza herufi. Habari za mashine na uzi wa magunia nimekwisha kuziingiza, na nakushukuru kwa moyo.

Kuna jambo sikukuambia. Osiako ni jina la mume wangu. Kwetu ni Malinya, na baba yangu ni Shivachi. Huyo kijana ambaye mambo yalimzidi ni kaka yangu, tumefuatana ziwa. Nilinyamaza kwa makusudi. Nilitaka kwanza nisikie utasema nini bila kunionea haya, na sasa nimesikia.

Labda hujui alipo. Baada ya chuo kumfukuza alifundisha miezi minne katika shule ya kanisa, mzazi mmoja akaulizia habari zake, wakamwambia asirudi. Alikwenda Kisumu, ikawa vilevile. Sasa anachimba dhahabu nyuma ya soko letu. Wanashuka kwa kamba, futi arobaini, na mvua hii imezifanya kuta kuwa uji. Kigiriki chako anacho bado. Wenzake wanamwita Padri, kwa mzaha.

Nilimsomea barua yako Jumamosi. Alikuwa ameketi ukingoni mwa shimo, matope hadi masikioni. Nilipofika kwa babu yako na mbuzi wake akacheka, akasema hiyo uliwasimulia kila mwaka, na kila mwaka mbuzi alibadilika rangi. Nilipofika kwa "mwandishi chipukizi" akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Basi. Miaka yote hii nilidhani amesahau."

Hapo ndipo aliponieleza kwa mara ya kwanza, baada ya miaka mitano. Anasema alikuandikia Oktoba 1992, kabla makala haijachapwa, akakuomba jina la yule mama lifichwe. Nikamuuliza, mbona hukuwaambia kamati? Akasema, "Ningemshitakije mwalimu wangu mbele ya wazee, naye ameketi palepale? Nilingoja aseme mwenyewe."

Mwalimu, barua hiyo uliipata? Unayo? Kamati inafunga historia mwisho wa Machi. Karatasi moja tu itamtoa kaka yangu shimoni, na simaanishi kwa mfano.

Zipporah Osiako


Likuyani,
9 Machi 1998

Bi. Zipporah,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kupanda. Huku, ukikosa wiki ya kwanza ya Machi umekosa mwaka.

Nasikitika kwa hali ya Phineas. Sikujua. Kuhusu barua unayoulizia, pengine aliiandika. Mhariri hupokea barua nyingi. Nilipohamia huku nililiweka sanduku la karatasi za *Mashahidi* stoo, na mchwa wamelifanyia kazi yao. Sina cha kukuonyesha.

Kumbukumbu ya mzee si shahidi mzuri, hilo unalijua. Lakini nisingependa kijana aumie zaidi. Iandikie kamati kwamba jina liliingia kwa "uamuzi wa uhariri uliofanywa kwa nia njema". Ukibanwa, sema "mhariri mmoja". Jina langu naomba lisitajwe. Mimi ni mzee wa kanisa hapa, watu wananiletea kesi zao za ndoa na za mipaka, na wananisikiliza. Nina wajukuu watatu shuleni hapahapa. Mama Christine hazijui habari hizi kwa ukamilifu wake na moyo wake si mzima. Wewe ni mtu wa vitabu, unaelewa. Jina likishachapishwa halirudi.

Ni mimi,
H. Makhanu


Kakamega,
17 Machi 1998

Mwalimu,

"Jina likishachapishwa halirudi." Umeandika wewe, kwa mkono wako, mstari wa mwisho.

Jumapili nilikwenda kwa Rachael, binti wa yule mjane. Anaishi kwa mume wake, ng'ambo ya mto, na haji kwao tena. Nilidhani atanifukuza kwa sababu ya jina la baba yangu. Alinipikia ugali wa kwetu, obusuma, na mboga, tukala, halafu akasema. Naandika alivyosema.

"Mama hakuwanga mtu wa maneno mingi. Phineas alikuja siku nne, anamsaidia kupukuchua mahindi, hamuulizi kitu. Siku ya tano mama akafungua roho mwenyewe. Alimwambia mambo hata mimi sikuwa najua. Wakati kitabu ilikuja, katibu wa kanisa alikuja nyumbani akasema, mama, jina yako iko kwa kitabu ya chuo, itasomwa Jumapili. Alinunua kitambaa mpya ya kichwa. Alikaa mbele. Alikuwa anafuraha mpaka walipofika kwa chungu."

Unaijua makala. Ilihusu toba za hadharani katika makanisa ya Ikolomani, kwetu Malinya kukiwemo. Mwaka 1990 yule mama alisimama kanisani akashuhudia kwamba vitu vya uganga alivyoachiwa na mama mkwe wake amevichoma moto. Kaka yangu ndiye aliyeelezwa ukweli: aliogopa kuvichoma, aliogopa moshi usiwadhuru watoto wa jirani, kwa hiyo alivitia katika chungu akavizika kwenye migomba. Ndivyo ilivyochapishwa, na chini yake tanbihi ya tisa. Jina, umri, kijiji, tarehe.

Februari 1993 surua iliingia. Watoto wanne walikufa katika mlima ule mmoja. Jumamosi ya tarehe 13 Machi, mchana kweupe, watu walikuja na majembe yao kwenye migomba. Walikipata chungu. Rachael anasema ndani kulikuwa na kokoto, mfupa wa kuku na manyoya yaliyooza. Mama yake alikuwa amejifungia ndani. Waliufunga mlango kwa nje pia, wakawasha paa.

Haya yote unayajua. Nimeyaandika kwa sababu nimezisoma tena barua zako mbili na hakuna mahali ulipomtaja. Wewe uliyeapa hakuna mtu wetu atakayeitwa "mmoja". Anaitwa Roda Muhonja.

Na unaniomba nikufanyie kile ambacho kaka yangu alikuomba umfanyie Roda.

Zipporah


Likuyani,
6 Aprili 1998

Zipporah,

Mchwa hawakula kitu. Sanduku ni la bati.

Barua yako ilinifikia tarehe 24 Machi. Nimekaa nayo siku kumi na tatu. Nilikuwa naitoa, naisoma, naificha chini ya mfuko wa mbolea. Jana Mama Christine aliipata. Alisoma zote, za kwanza na za mwisho, akaketi stoo juu ya gunia mpaka jioni. Kisha akaja akaniuliza, "Zile stensili za toleo la mwisho, ulinipa nichape jina la yule mama. Huyo mwanafunzi alikuwa amelificha?" Nikasema ndiyo. Leo ameniwekea kalamu mezani.

Barua ya Phineas nimeiambatanisha. Utaona nilichoandika pembeni kwa wino mwekundu. Niliisoma nikakasirika, Zipporah. Sikuona hofu ya kijana kwa ajili ya mama mzee. Niliona mwanafunzi wangu bora, kati ya wote, akiniletea "mjane mmoja wa Ikolomani", maneno yaleyale ya wale waliomwandika babu yangu. Nilichukua daftari lake la mahojiano alilokuwa ameliacha ofisini, nikatafuta jina, nikaliandika mwenyewe. Nilijiona nimemheshimu yule mama. Nikafunga nakala mbili kwa mikono yangu, nikaandika anwani ya kanisa, nikazipeleka posta.

Walipokutana kamati Aprili 1993, mwenyekiti aliuliza, "Nani aliweka jina?" Phineas aliniangalia. Aliniangalia muda mrefu. Nilikuwa nimebakisha miaka miwili nistaafu. Nikasema, "Makala ni ya mwandishi." Ni maneno manne, na si uongo. Nilijipa moyo kwamba angejitetea, na hapo ningekubali. Hakujitetea. Baada ya kikao nikalitoa toleo la kumi na saba kwenye rafu, nikaja nalo huku. Ni mimi niliyelitoa.

Sikulitaja jina la yule mama; kila nikiliandika nalifuta. Roda Muhonja. Nimeliandika.

Fanya na barua hizi upendavyo. Baada ya Pasaka nitakuja Kakamega nisimame mbele ya kamati mwenyewe. Mwambie Phineas aniandikie, hata kama ni mstari mmoja wa matusi. Nitaupokea.

Hezekiah Makhanu


[Kiambatanisho]

Malinya,
20 Oktoba 1992

Mheshimiwa Mwalimu,

Natumaini u mzima. Makala nimeimaliza na utaiona pamoja na barua hii. Nina ombi moja, nalo najua halitakupendeza.

Katika tanbihi ya tisa nimeandika "mjane mmoja wa Ikolomani". Najua kanuni, na naipenda. Lakini mama huyu aliniambia kitu ambacho hakuwaambia kanisa lake. Hakuniambia nikifiche, maana hajui jarida ni nini. Anadhani ni barua ya kwenda chuoni. Watu wa kwetu ni wazuri, Mwalimu, lakini mtoto akifa hutafuta mtu. Nakuomba tuvunje kanuni mara hii moja. Na kama haiwezekani, basi tuiache makala yote, nitaandika nyingine.

Mwanafunzi wako,
Phineas Shivachi

[Pembeni, kwa wino mwekundu: Kanuni ni kanuni. Jina liwekwe. H.M.]


Kakamega,
18 Aprili 1998

Mwalimu,

Phineas hatakuandikia.

Alhamisi, tarehe 26 Machi, shimo lilianguka. Walikuwa watatu chini. Wawili walitolewa siku hiyohiyo. Yeye alikuwa mbele kabisa ya mwamba, ikachukua siku mbili kumfikia. Tulimzika tarehe 4 Aprili. Mchungaji alikuja bila joho, akaomba sala fupi, akaondoka kabla ya udongo. Hakuna aliyeshangaa. Katika kijiji chetu yeye ndiye aliyemwandika Roda.

Nimehesabu, kama nawe utakavyohesabu. Ilikuwa siku ya tatu kati ya zile zako kumi na tatu. Sitakudanganya: hata ungejibu siku ileile, barua isingemwahi. Lakini ya kwanza nilikuandikia Januari, na ya pili Februari, na wewe ulikuwa unapanda mahindi.

Barua yako niliipata wiki iliyopita. Nimempelekea mama yetu, nikamsomea pamoja na ile ya Phineas, yote, hadi wino mwekundu. Alikuwa anachambua mboga. Akauliza, "Kwa hiyo mwalimu amesema?" Nikasema, amesema. Akauliza, "Amemwambia nani?" Nikasema, ameniambia mimi. Akaendelea na mboga zake.

Nami nitamjibu kwa jarida. Usije Kakamega. Kamati waliahirisha kufunga historia kwa sababu ya msiba; sasa wamesoma barua zote mbili, na ile sentensi yao wameifuta wenyewe. Mkuu wa chuo aliomba tuache habari yote, tuseme tu jarida lilisimama kwa ukosefu wa karatasi. Nikamwambia atafute mwandishi mwingine. Hajamtafuta. Nadhani itachapishwa.

Nimefikiri sana kuhusu majina. Rachael alinipa majina ya walioshika mlango. Nimeyaacha. Watoto wao wanakaa benchi moja na watoto wa ndugu zangu, na mimi sitachapisha jina la mtu ambaye hajui ninamwandika. Lakini Rachael ameomba jina la mama yake liandikwe, na iandikwe kilichokuwa ndani ya chungu, kila kokoto, ili wasome walichomuulia. Hilo nitalifanya, na yeye ametia kidole gumba chake kwenye karatasi ya kukubali. Phineas nitamtaja, na barua yake itachapishwa nzima.

Nawe nitakutaja. Uliniandikia habari zako na saini yako ukaweka, na ukasema nifanye nipendavyo. Tanbihi ya kwanza itakuwa: Hezekiah Makhanu, umri miaka 63, Likuyani, kwa barua ya tarehe 6 Aprili 1998. Toleo likitoka utapata nakala mbili, moja yako na moja ya kanisa lako, isomwe kwa sauti. Kanuni ni yako.

Zipporah Shivachi Osiako


Likuyani,
8 Septemba 1998

Bi. Zipporah,

Pole. Miezi minne nimeandika neno hilo na kulichana. Sina la kuweka mbele yake wala nyuma yake.

Furushi lilifika Agosti 25. Labda hukujua kwamba sanduku la posta la kanisa letu funguo zake ninazo mimi; ndimi ninayechukua barua kila Jumanne. Kwa hiyo nakala zote mbili ziliangukia mikononi mwangu, yangu na ile iliyoandikwa "Kanisa, isomwe". Hakuna aliyeziona isipokuwa mimi. Niliziweka stoo, palepale. Jumapili ya kwanza nilikwenda ibadani mikono mitupu.

 Jumapili ya pili nilimkuta Mama Christine anavaa, saa moja asubuhi, na nakala ya kanisa imo ndani ya kikapu chake pamoja na Biblia. Nikamwambia, "Nipe, nitaibeba mwenyewe." Akanipa.

Nilimkabidhi Mchungaji Weldon mlangoni. Yeye ni kijana, alidhani ni heshima nimepata. Akatangaza kwamba chuo kimemkumbuka mzee wetu, watu wakapiga makofi. Akampa Chemutai, mwalimu wa shule ya Jumapili, maana ana sauti nzuri. Mimi hukaa benchi ya tatu. Nikahamia ya mbele, pale anapokaa mtu anayesomewa habari zake.

Alisoma habari za mashine na uzi wa magunia, watu wakacheka pale pa bega. Alisoma habari za babu yangu. Halafu akafika kwa Phineas, sauti ikapungua, akamtazama mchungaji kama anauliza aendelee. Mchungaji alitazama chini. Nikasema mimi, "Soma, mama. Soma mpaka mwisho, na za chini ya ukurasa pia." Akasoma na za chini ya ukurasa. Jina, umri, kijiji, tarehe. Wajukuu wangu walikuwa upande wa watoto.

Tulipotoka watu walipitia mlango wa ubavuni. Jana hakuna aliyeleta kesi, na leo hakuna. Funguo za posta nimezirudisha. Sikuelezi haya ili unihurumie. Nyumba yangu ina paa, na mlango wake unafunguka kwa ndani na kwa nje.

Nakala yangu ninayo hapa mezani. Nimeona umeyapanga ili tanbihi ya tisa iwe yake tena. *Roda Muhonja, mjane, miaka 68, Malinya. Alimsimulia Phineas Shivachi tarehe 4 Agosti 1992, na jina lake limeandikwa hapa kwa idhini ya binti yake.* Nimeisoma mara nyingi, kwa miwani na bila miwani.

Sina la kusahihisha.

Hezekiah Makhanu